Tufungue kaye ya madeni

Ndugu vijana wenzetu wa Butembo na wa Beni, na ninyi wote wenye mulimaliza masomo na mungali munangojea kazi,

Leo hatuanzi ku vita wala ku barabara. Tunaanzia ku sukari, ku sabuni, ku uji ya watoto, na ku ile kaye yenye mwenye butiki anaandikamo jina yetu. Wamoja watasema: "Ile ni mambo ya nyumbani, harakati ya raia inaingilia nini mule?" Tunaomba musome mpaka mwisho, kisha mutatuambia.

Siku ya posho moja tulikuwa watu kumi na moja mu chumba kidogo hapa Butembo. Wanane tunaishi hapa, watatu walikuwa wametoka Beni. Wengi wetu tuko wazazi wa watoto wadogo: mwenye ako na mumoja wa miaka tatu, mwenye ako na mapacha, mwenye bibi yake ako karibu kuzaa. Tulimaliza mukutano, tukaanza kuzungumuza juu ya kazi yenye shirika moja lilikuwa limetangaza. Mwenzetu mumoja alikuwa na vyote vyenye walikuwa wanaomba: lisansi ya ekonomi, Kiswahili, Kifaransa, Kingereza kidogo. Tukamuambia: "Tuma dosie, wewe ndiye utaipata." Akanyamaza. Kisha akasema: "Diploma haiko kwangu."

Tulifikiri ingali ku chuo. Hapana. Iko mu meza ya mutu mwenye alimukopesha dola 100, wakati mutoto wake alilazwa na malaria. Diploma ndiyo ilikuwa garanti. Alikuwa amekwisha kulipa dola 180. Na deni ilikuwa ingali dola 100.

Hakuna mwenye alicheka. Kisha mwingine akasema yake: miezi minne ya nyumba haijalipwa. Mwingine: butiki mbili, na kila moja haijui kama kuko ingine. Mwingine: alikopa kwa mukwe wake na sasa hawezi tena kupita mu ile avenue muchana. Mupaka jioni, wenye hawakuwa na deni walibaki wawili, na mumoja kati yao angali anakula kwa mama yake.

Kitu kimoja kilituumiza zaidi ya madeni yenyewe. Sisi watu kumi na moja tunatembea pamoja, tunaandika barua kwa wakubwa pamoja, wamoja walishafungwa pamoja. Lakini hakuna mwenye alijua deni ya mwenzake. Watatu hata bibi zao ao bwana zao hawakujua. Ndiyo maana tunaandika: deni inaishi kwa siri. Mukopeshaji anakula haya yetu kuliko anakula feza yetu. Siku tunaifungua mbele ya wenzetu, inaanza kufa.

HESABU YENYE HATUKUFANYA

Ile dola 100 ilitoka kwa wale wenye watu wanaita "Banki Lambert". Haina mulango, haina kibao, haina karatasi ya Leta. Kuko mutu, kuko simu yake, na kuko garanti: diploma, karatasi ya kiwanja, televizio, karte ya banki ya mwalimu. Bei ya huyu ilikuwa 30 kwa 100, kila mwezi.

Tuliichora ku ukuta na chaki. Mwezi wa kwanza unapaswa kurudisha 130. Hauna 130, unatafuta 30 unaleta, mukopeshaji anakuambia "Asante, tuonane mwezi kesho." Mwezi wa pili vilevile. Kisha miezi sita umelipa mara sita 30, ni 180, na mukopo wenyewe haujaguswa hata senti moja. Kama ungeendelea mwaka muzima, ungelipa 360 na ungali na 100. Mwenzetu mwenye lisansi ya ekonomi aliangalia ukuta, akasema: "Niko najua kuandika bilan ya kampuni. Ya nyumba yangu sijawahi kuandika."

Kuko mutego mwingine. Deni tunaandika mu dola, lakini kazi ndogo zenye tunafanya, kuuzisha unite, kuendesha moto, kufundisha watoto wa jirani, zinatulipa mu franka. Mwanzo wa mwaka 2016 dola moja ilikuwa karibu franka 930. Mwaka 2024 ilipita franka 2700. Kila mara franka inaanguka, deni yako inapanda hata kama umelala.

Wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Sisi tunaongeza: mwenye anakopa juu ya matanga, atalipa na nini?

INATOKA WAPI?

Tunasikia wakubwa wakisema kwamba vijana wa leo hawajui kuweka akiba, wanapenda simu kubwa. Tutasema kweli yote, na ile yenye inatuhusu pia.

Ndiyo, kuko deni zenye tulijitafutia. Mumoja wetu alikuwa anaweka franka mu michezo ya kubashiri mupira kila wiki, akisema "hii ndiyo ya mwisho". Mwingine alikopa juu ya siku ya kuzaliwa ya mutoto wa mwaka mumoja, na keki ya gorofa mbili, na muziki. Mutoto alilala mbele keki haijakatwa. Mwingine alikubali kuwa mu komite tatu za harusi mu mwezi mumoja, juu ya kuogopa wenzake waseme hana kitu. Hatutamutupia Leta ile mizigo. Ni yetu.

Lakini tulipopanga madeni yote ku ukuta, hizo zilikuwa chache. Nyingi zilikuwa na sababu tatu: ugonjwa wa mutoto, nyumba, na chakula.

Na chakula, tuseme ukweli, ndiyo ya ajabu mu udongo kama huu wetu. Wazazi wetu wengi hawakuwa wananunua maharagi, viazi, ndizi wala mafuta ya mawese. Vilikuwa vinatoka mu shamba, na feza ya kahawa ao ya kakao ilikuwa inalipa masomo. Ndiyo ilitusomesha sisi. Tangu mwezi wa 10 mwaka 2014, wakati mauaji yalianza mu eneo la Beni, mashamba ya upande wa Mbau, Oicha, Eringeti na Ruwenzori ikawa fasi ya kufia. Mwenzetu mumoja wa Beni, baba yake ako na shamba ya kakao. Mwaka 2024 bei ya kakao ilipanda mu dunia yote, ikapita dola 10000 kwa tani moja mu soko za Ulaya na Marekani. Baba yake alikuwa anasikia hiyo habari ku redio, mu muji, kilometa chache na miti yake, na hakuweza kwenda kuvuna. Ile mwaka ndiyo mutoto wake alikopa feza ya kununua muhogo.

Kisha ikaja Ebola, tangu tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 2018 mupaka tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka 2020. Wakubwa wetu wengi walipata kazi mu Riposte. Bei za nyumba zikapanda juu wageni walikuwa wanalipa mu dola. Ugonjwa uliisha, magari yakaondoka, kazi ikaisha siku moja, lakini bei ya nyumba haikurudi chini. Mwezi wa 6 mwaka 2024 Kanyabayonga ikaanguka, ndugu zetu wa Lubero wakafika Butembo na magodoro ku kichwa. Hakuna mutu wa hapa anaweza kufungia mulango mutoto wa shangazi yake. Nyumba ya watu wanne ikakuwa ya watu tisa, na kopo ya unga ni ile ile. Mwezi wa 1 mwaka 2025 Goma ikachukuliwa, banki zikafungwa kule, na yule ndugu wa Goma mwenye alikuwa anatutumia kitu kidogo, sasa ndiye anatuomba.

Kwa hiyo, wakati mutu anatuambia "mupunguze matumizi", tunamujibu: tutapunguza, tayari tulishaanza. Lakini usituambie kwamba tulifika hapa juu ya sukari.

KAYE YA MISTARI TATU

Tuliamua kila nyumba inunue kaye moja. Kila siku jioni, mbele ya kulala, bwana na bibi wanaandika pamoja. Mustari wa kwanza: feza yenye iliingia. Wa pili: feza yenye ilitoka, na ilifanya nini. Wa tatu tutasema mbele kidogo. Sharti ilikuwa moja tu: hakuna kuficha, hata franka 500 ya kasiksi.

Wiki ya kwanza ilileta kelele mu nyumba mbili. Hatutaki kuwadanganya. Bwana mumoja aliona kwamba moto ya kwenda na kurudi inakula kuliko maharagi, na tangu ile siku anatembea na muguu. Lakini kaye ilionyesha vilevile kitu chenye hatukukitafuta. Mu nyumba tatu, mama alikuwa halikule jioni. Anawapa watoto, anamupa bwana, kisha anasema "mimi nilishashiba ku soko." Mumoja kati yao ako na mutoto mwenye ananyonya. Sisi wanaume tulikuwa tunasema kwamba tunajua kuishi na kidogo, kumbe mwenye alikuwa anaishi na kidogo ni mwingine.

Kutoka pale tukaweka sheria ya kwanza: kujifunga mukanda ni kazi ya wakubwa wote wawili, na haianzii ku sahani ya mutoto wala ya mama mwenye ananyonyesha. Unaanza kukata bia, kubashiri, megabaiti za usiku, michango ya sherehe, nguo mupya. Chakula ya mutoto na dawa ni vya mwisho kabisa, na kama umefika ku kukata vile, ile haiko tena akiba, ile ni hatari, ita wenzako.

Hii ndiyo mambo yenye ilitusaidia, tunaiweka hapa juu iwasaidie na ninyi.

Kununua kidogo kidogo ndiyo kununua bei. Sukari ya mufuko mudogo, mafuta ya kijiko, makala ya kisashe: kila siku unalipa faida ya watu watatu. Nyumba tano tulichanga, tukaenda ku depo, tukanunua gunia moja ya maharagi, bido moja ya mawese na karto moja ya sabuni, tukagawanya na kopo moja mbele ya macho ya wote. Kisha wiki nne, feza yenye ilikuwa inaenda ku mafuta na sabuni ilishuka karibu kwa moja ya tatu.

Mutoto mwenye hajafikisha miezi sita, maziwa ya mama inatosha, hata maji hahitaji. Ile maziwa ya kopo yenye tunanunua juu jirani ananunua, kwa mutoto mwenye mama yake ako na maziwa na ako muzima, ni deni ya bure. Kisha miezi sita, masoso ya nyumbani: mahindi, soya na ulezi, unakaanga, unapeleka ku mashini ya kusaga. Ukiongezamo unga ya samaki ndogo zenye zilikaushwa, ni vizuri zaidi.

Maharagi yalale mu maji usiku kucha, chungu ikae na kifuniko, na ukiisha kuchemusha, weka chungu mu kikapo yenye nguo nzito, itaendelea kuiva yenyewe. Makala itakaa siku nyingi. Lengalenga inaota hata mu gunia ya zamani nyuma ya nyumba, hauhitaji shamba. Kikwembe ya zamani ni kitambaa ya mutoto ya kufua, haiko aibu, sisi wote tulivaliwa vile.

Na hii ya mwisho ndiyo ya kwanza: chanjo za watoto ni za bure, na chandarua kinapewa bure ku wamama ku konsiltasio ya mimba, wakati kiko. Kuko watu wenye walitundika chandarua ku bustani juu ya kuku. Malaria moja ya kulazwa ndiyo ilipeleka diploma ya mwenzetu mu meza ya mutu. Mutoto alale mu chandarua leo, ile ni akiba kuliko sanduku yoyote.

KULIPA, NA KULIPA PAMOJA

Dawa ya deni ni kulipa. Kila mutu anaijua ile neno, hasa mukopeshaji. Lakini kulipa namna gani?

Tuliandika madeni ya kila nyumba mu karatasi moja, tukapanga. Yenye riba kubwa inakuja juu, hata kama ni ndogo. Deni ya mukwe haizai. Ya Banki Lambert inazaa kila mwezi. Tulikatazana kukopa fasi moja juu ya kulipa fasi ingine. Ku butiki, tulienda wenyewe kumuambia mama wa butiki: "Hatutaongeza tena ku kaye, na kila siku ya posho tutaleta franka kiasi fulani." Alikubali mbio kuliko tulifikiri. Mwenye butiki naye ako na deni ku depo. Kile chenye kinamuua ni watu wenye wanabadilisha njia juu wasimuone.

Kwa yule mwenye alishika diploma, tulienda watu wanne. Hatukuenda kupiga kelele. Tulisalimia, tukaketi, tukatoa kaye, tukamuonyesha tarehe sita na feza yenye ilifika kwake kila mara. Alisema kwanza: "Ni yeye ao ni ninyi wenye nilikopesha?" Tukamujibu kwamba ni yeye, lakini leo ako na ndugu. Kisha akapunguza sauti. Akasema: "Wanangu, hata mimi ile feza si yangu yote, kuko mutu mwenye ninamulipa." Tulizungumuza saa mbili. Mwisho tuliandika karatasi na mashahidi wawili: riba inasimama, ile 100 italipwa mara tano, 20 kila mwezi, na siku ya 20 ya mwisho diploma inarudi.

Ile 20 tunaitoa wapi? Wengi munajua likirimba: kila mutu anachanga, na kila wiki mumoja anabeba yote. Ni muzuri kwa kununua kitu, lakini mutoto hangojei zamu yako ifike juu agonjwe. Ndiyo maana tulichagua njia ya AVEC, yenye wamama wengi wa hapa wanaijua kutushinda. Njia hii ilianzia Niger mwaka 1991, kwa wamama wa vijiji wenye walisaidiwa na shirika CARE, na leo iko karibu mu Afrika yote. Watu 15 mupaka 25 wenye wanajuana. Kila wiki kila mutu ananunua sehemu, moja mupaka tano, bei ni yenye wote wanaweza. Feza inakaa mu sanduku ya kufuli tatu, na funguo tatu ziko kwa watu watatu mbalimbali. Yote inahesabiwa mbele ya wote. Mukopo haupite mara tatu ya akiba yako, na ile faida kidogo yenye unalipa haiendi kwa tajiri, inarudi kwenu wote siku ya kugawanya, kisha mwaka. Kuko vilevile kafungu kadogo pembeni ka musaada: mutoto akilazwa, kanatoka siku ile ile, bila riba.

Tulianza kumi na moja, tukaita majirani, leo tuko kumi na tisa. Mwenye anashika kaye ni mama mumoja mwenye anauzisha ndizi, hakumaliza sekondari. Mwenye lisansi ya ekonomi anahesabu chini ya macho yake.

Hapa Butembo hatukuzaliwa leo mu mambo ya kuchanga. Chuo Kikuu cha Graben kilifunguliwa mwaka 1989, na hakikungojea Kinshasa. Kanisa, wafanyabiashara na wazazi walikisimamisha. Wakubwa wetu walichanga juu tusome. Sisi hatushindwe kuchanga juu watoto wetu wakule.

MUSTARI WA TATU

Sasa ule mustari wa tatu wa kaye. Tuliuita: "feza yenye ilitoka bila risiti". Barieri yenye inaomba mumotari kitu kidogo asubui na jioni. Mutu wa ofisi mwenye alisema "bila kusukuma, karatasi hii haitembei". Feza ya "motivasio" yenye mwalimu aliomba kwa mutoto wa mwaka wa kwanza, na mwalimu mwenyewe hajui kama jina yake itaonekana ku lisiti ya mushahara. Kisha mwezi mumoja tukajumlisha. Mu nyumba ya mumoja wetu mwenye anaendesha moto, mustari wa tatu ulikuwa mukubwa kuliko feza ya unga.

Ndiyo maana hatukubali mutu atufundishe kuishi na kidogo na kuishia pale. Tulikata bia, tulikata keki, tunatembea na muguu. Kile chenye kimebaki, hatuna uwezo wa kukikata sisi wenyewe mu nyumba. Wenye wako na uwezo wanajulikana, na tangu tarehe 6 mwezi wa 5 mwaka 2021 jimbo letu liko mu hali ya kuzingirwa, wanajeshi ndio wanaongoza. Basi tunawaambia wazi:

1. Katiba ya mwaka 2006, sehemu ya 43, inasema masomo ya msingi mu shule za Leta ni ya lazima na ya bure. Ilianza kutumiwa mwezi wa 9 mwaka 2019. Walimu wote walipwe, na muzazi asiombwe kitu chini ya meza.

2. Hakuna kodi bila risiti, ku barieri, ku soko, wala ku ofisi.

3. Polisi na jeshi si watoza madeni. Inchi yetu iliingia mwaka 1976 mu mapatano ya kimataifa juu ya haki za kiraia na za kisiasa, na sehemu ya 11 inasema hakuna mutu atafungwa kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mapatano ya kulipa. Kama uliiba ao ulidanganya, ile ni jambo lingine. Lakini kukosa si kosa la kufungiwa. Ndugu, mukisikia "nitakufungisha", mujibu na hii sehemu ya 11.

4. Mama mwenye amezaa ao mutoto mwenye amepona asifungiwe ku hospitali juu ya faktire. Wapatane na familia namna ya kulipa, kama vile hata Banki Lambert ilikubali kupatana nasi.

5. Mashamba. Hakuna akiba, hakuna AVEC, hakuna kaye yenye itashinda shamba yenye mutu hawezi kufika. Usalama wa njia ya shamba ndiyo mushahara wa familia nyingi za Beni.

Kwa wale wenye waliuliza harakati inaingilia nini mule, jibu letu ni hili. Kijana mwenye deni ya siri hana sauti. Siku ya maandamano, anaogopa kupita mbele ya butiki. Siku ya kampanye, mwanasiasa anakuja na tishati na dola tano, na yule kijana anapokea, si juu ni mujinga, ni juu mwenye nyumba anamungojea ku mulango. Na mutu mwenye anakimbia mukopeshaji anaweza kusikiliza mutu yeyote mwenye anamuahidi feza, hata wale wa musitu. Kulipa deni zetu ndogo ni kununua tena sauti yetu.

Hatutamaliza na uongo. Ile kazi ya shirika ilipita. Tarehe ya mwisho ya kutuma dosie ilifika wakati diploma ingali mu meza ya mutu. Mwenzetu alilia, kisha akaendelea kuuzisha unite. Amekwisha kulipa mara mbili, zimebaki tatu. Mutoto wake analala mu chandarua. Siku ya 20 ya mwisho, tutaenda naye wote kumi na tisa kuchukua ile karatasi, na tutarudi nayo kwa muguu mupaka nyumbani kwake.

Wewe mwenye unasoma hii usiku, na mutu wako amelala pembeni na hajui kitu: kesho nunua kaye. Andika jina ya kila mutu mwenye unamudai ao mwenye anakudai. Musomee bibi yako, ao bwana yako, kwa sauti. Kisha tafuta wenzako wawili ao watatu, uwasomee na wao. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Sisi vijana wa Butembo na Beni